Fundi Asiyekimbilia Kuzima

Kompyuta ikiganda katika stesheneri ya Katandala, na foleni ya wanaoomba mikopo ya chuo imefika barazani, dawa ya kwanza ni kuizima na kuiwasha. Inaamka nyepesi, wateja wanahudumiwa. Ikirudia, anaitwa kijana wa kupiga Windows. Ikirudia tena, mwenye duka anashauriwa kuongeza RAM. Hela inatoka kila mara, na hakuna aliyeuliza ni programu gani inayokula kumbukumbu ya mashine na kwa nini haishibi. Namsifu fundi anayeuliza. Wapo hata hapa Sumbawanga, na ufundi wao ni wa kutazama sana kabla ya kugusa.

Chukua mashine ya GB 4, ya kawaida madukani. Windows yenyewe inachukua sehemu kubwa, kinga ya virusi inachukua yake, kivinjari chenye kurasa kadhaa kinachukua kuliko vyote. Nyuma yao zipo programu zisizo na dirisha wala sauti: ya kusasisha hiki, ya kusawazisha faili, ya kuchungulia kama printa ina karatasi. Nafasi ikiisha, mfumo huchukua kurasa za kumbukumbu ambazo hazijaguswa kwa muda, huziweka kwenye diski, na kuzirudisha zikihitajika. Mpango huo ulianzia Manchester, Uingereza, kwenye kompyuta ya Atlas iliyozinduliwa mwaka 1962, nao ni mpango mzuri hadi uzidiwe. Ukizidiwa, mashine hushinda ikihamisha kurasa badala ya kufanya kazi. Peter Denning aliichambua hali hiyo mwaka 1968, na uchambuzi wake bado unaieleza vilivyo ile taa ya diski isiyopumzika katika duka la Katandala.

Hata hivyo kumbukumbu iliyojaa huenda ikawa nzima kabisa. Tangu Windows Vista, mwaka 2007, mfumo hujaza nafasi iliyo wazi kwa mafaili unayodhani mtumiaji atayahitaji, na huiachia nafasi hiyo papo hapo programu nyingine ikiiomba. Wanaouza programu za "kusafisha RAM" wanauza hasara, maana wanatupa kilichokuwa tayari ili kikasomwe upya kutoka diski.

Fundi niliyemtazama hakuanza kwa kufunga chochote. Alifungua Task Manager, akaenda kwenye orodha ya kina, akaongeza safu ambayo wengi hawajawahi kuiona: ile inayoonyesha kumbukumbu yote ambayo programu imeahidiwa, iwe imo ndani ya RAM au imeshahamishiwa diski. Hapo ndipo penye siri ya kazi hii. Programu inayovujisha kumbukumbu huomba nafasi, huitumia kidogo, kisha huisahau. Hairudishi, wala haiigusi tena. Kwa kuwa haiigusi, mfumo huipeleka diski, na mkosaji anabaki anaonekana mwembamba katika safu ya kawaida, ilhali kivinjari kinachofanya kazi halali mbele ya macho ya wote ndicho kinachoonekana mlafi. Mara nyingi sana kivinjari ndicho kinachoadhibiwa.

Kwenye safu ile mpya kikajitokeza kijiprogramu cha printa ambacho hakuna mtu dukani aliyejua kuwa kipo. Fundi hakukihukumu. Alichukua daftari, akaandika saa na idadi ya MB, akaendelea na shughuli nyingine, akarudi akaandika tena. Namba moja, hata iwe kubwa vipi, haimwambii mtu kitu. Kinachosema ni mwendo wake. Programu yenye afya hupanda ikipewa kazi na kutulia kazi ikiisha. Hii ilipanda tu. Akaongeza safu nyingine, ya idadi ya vitu ambavyo programu imevifungua kwenye mfumo na haijavifunga, nayo ikapanda sambamba na ya kwanza.

"Mama, naomba leo usiizime," akamwambia mwenye duka.

Ombi hilo lina sababu kubwa Sumbawanga. Kwa miaka mingi mji huu uliletewa umeme kutoka Zambia, na kukatika kwa umeme ni jambo ambalo watu wamelizoea. Kila unapokatika, RAM yote inafutika, na ushahidi unafutika nayo. Kompyuta inaamka safi, mwenye duka anaapa kwamba leo iko vizuri, na ugonjwa unaanza upya bila shahidi. Uvujaji unahitaji muda ili uonekane. Kwa hiyo mashine iliwekwa kwenye UPS, ikaachwa iwake kutwa.

Daftari ndilo lililotoa jibu. Mistari iliyopanda kwa kasi ilikuwa ya saa ambazo printa imezimwa, kwa kuwa mama huizima kubana matumizi ya umeme pasipo mtu wa kuchapisha. Fundi akaizima makusudi, namba zikapanda. Akaiwasha, zikasimama. Akarudia kuizima, zikapanda tena. Kijiprogramu kilikuwa kikiitafuta printa isiyoitika, na kila jaribio liliacha kitu wazi.

Mtu aliyeiandika programu ana zana za kumfikisha hadi kwenye mstari wenye kosa. Valgrind, iliyoanzishwa na Julian Seward, imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu mwaka 2002. Fundi wa Katandala hana maandishi ya programu ile, na hatayapata. Anabaki nje, anasoma alama. Katika nyanda hizi za Ufipa ufundi wa namna hiyo una kina. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha kilichopatikana wakakisafisha katika tanuru dogo lenye mivukuto. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amechunguza mabaki ya ufuaji huo, na wenzake wa fani hiyo husoma mavi ya chuma ili kujua mambo yalikwendaje ndani ya tanuru lililokwisha kupoa. Safu za namba katika daftari la fundi nazo ni mabaki ya namna hiyo, na kuzisoma kunahitaji uaminifu uleule: kutosema zaidi ya zinavyosema.

Tiba yenyewe ilikuwa fupi. Kijiprogramu kiliondolewa kwenye orodha ya vinavyoanza pamoja na mashine. Printa iliendelea kuchapisha, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na huduma nyingine ya Windows. Kilichopotea ni tangazo la wino kupungua.

Ikaja habari ya malipo. Kupiga Windows kuna bei inayojulikana mtaani, RAM ina bei yake, lakini hapa hakuna kilichonunuliwa wala kilichofutwa, na mama aliuliza kwa haki kabisa analipia nini. Naamini alikuwa analipia kitu cha thamani kuliko RAM, na fundi naye hakuona haya kukidai. Alimfungulia daftari, akamwonyesha saa za printa kuzimwa na namba zilivyopanda. Mama alisoma mstari kwa mstari, akauliza maswali mawili matatu, akalipa, kisha akamwomba aiangalie na mashine ya pili, iliyowekewa programu za printa ileile.