Kichomi na neno "guni"

Katika uhakiki wa pwani hakuna neno fupi linalomaliza mjadala kama "guni". Shairi lililopotoka vina au mizani likishaitwa hivyo, hurudishwa, na mtunzi hana pa kukatia rufani. Kwa kijana wa Unguja au Lamu aliyelelewa na kasida na tenzi, jibu hilo lina maana: rudi ukahesabu. Kwa mtunzi aliye Ihanja, mkoani Singida, aliyebembelezwa kwa nyimbo za Kinyaturu na kukutana na mizani darasani, jibu lile lile halimwambii kama amekosea hesabu au sikio lake zima ndilo lililokataliwa.

Euphrase Kezilahabi alikataliwa hivyo hadharani. Naye alikuwa mtu wa bara, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe. Kichomi ilitoka Nairobi mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Tusiwacheke wanamapokeo walioikataa. Aliyetoka kusoma tungo za Abdilatif, zilizotungwa gerezani na bado zikashika arudhi barabara, angekubalije kwamba vina humfunga mshairi? Isitoshe, wengi waliomfuata Kezilahabi walikatakata nathari wakaiita ushairi. Hofu ile haikuwa ya bure.

Lakini Kichomi si kazi ya mtu aliyeshindwa kuhesabu. Mistari yake hufuata pumzi ya msemaji, na shairi moja limebeba jina la kijiji chake, bila kuomba radhi kwamba si mji wa bandari. Kilichokataliwa hakikuwa ufundi, bali mlango alioingilia. (Mulokozi na Kahigi waliipa diwani yao ya 1976 jina la Malenga wa Bara, jina hilo peke yake ni hoja.)

Nadhani Kezilahabi aliitambua tofauti hiyo, maana hakurejea kwenye vina ili apokewe, wala hakunyamaa. Riwaya yake Rosa Mistika, ya 1971, ilikwisha kupigwa marufuku shuleni. Akaandika Gamba la Nyoka, 1979. Kwa upande wa ushairi ilipita miaka 14 hadi Karibu Ndani, 1988, kisha 20 mingine hadi Dhifa, 2008. Diwani tatu, na hakuna hata moja iliyomwomba radhi mhakiki. Ni kweli kwamba alikuwa na mshahara wa chuo kikuu hadi alipostaafu. Mwenye kutegemea shamba la alizeti hana nafasi ya kusubiri miaka 20.

Kwa hiyo suala linaturudia sisi wa visiwani, tunaopokea bahasha kutoka bara. Mhariri anayelirudisha shairi la Ihanja aandike walau ni mshororo upi uliopungua mizani. Mtunzi akiujua, ataamua mwenyewe kuurekebisha au kuutetea.