Jicho la Mfugaji na Kipimo cha Nafsi

Kujitathmini, yaani mtu kupima mara kwa mara umbali aliokwisha kwenda kulielekea lengo alilojiwekea mwenyewe, ni ufundi kamili, kwa kuwa hudai jicho lililozoezwa, saa maalumu na moyo usiokubali kujidanganya. Katika nchi kavu ya Waturkana nchini Kenya, inayoanzia Lodwar, kando ya mto Turkwel, hadi Kakuma, ulipo mto Tarach, ufundi huu ulikuwapo kabla ya semina na fomu zake, nao ulitendwa kila jioni penye lango la zizi.

Wanyama warudipo malishoni, mwenye awi, yaani mji wa familia pamoja na mifugo yake, husimama karibu na lango na kuwaacha wapite mbele yake. Hawahesabu kwa namba, maana wafugaji wengi wa Afrika Mashariki huona si vyema kuitaja idadi ya mali iliyo hai. Huwatambua kwa rangi, kwa mapindo ya pembe na kwa mwendo, hata akosekanapo mbuzi mmoja pengo lake huonekana kabla ya mtu yeyote kuuliza. Hutazama nundu ya ngamia kama imejaa au imelegea, ubavu wa ng'ombe kama umebonyea, kwato za aliyebaki nyuma. Wanawake nao wana kipimo chao wakati wa kukama: hukumbuka kila mnyama alitoa kiasi gani jana, wakaamua leo ndama aachiwe kiasi gani na watoto wapewe kiasi gani. Hapana karatasi katika kazi hiyo, wala hapana msimamizi, lakini ni vigumu kupata hesabu iliyo kali kuliko hiyo, kwa sababu anayeikosea hulala njaa yeye mwenyewe na watu wake.

Lengo nalo lilijulikana. Kijana alitaka kundi litakalomwezesha kulipa mahari na kuanzisha mji wake, na P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1955 kuhusu mifugo ya familia za Waturkana na Wajie, alionyesha jinsi mali hiyo ilivyojengwa polepole kwa urithi, kwa kupeana na kwa kudaiana miongoni mwa ndugu na marafiki. Tathmini ya jioni ndiyo iliyomwambia kama kundi linakua au linapungua, na kama umewadia wakati wa kuligawa, sehemu moja ihamishiwe malisho ya mbali ili ukame usiliangamize lote kwa pamoja. Kipimo kilizaa uamuzi, na hapo ndipo ilipo thamani yake.

Sura nyingine ya ufundi huo ilitoka katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992. Rose Nathike Lokonyen, aliyefika humo akiwa mtoto mkimbizi kutoka Sudan Kusini ya leo, alibeba bendera ya timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi mjini Rio de Janeiro mwaka 2016, akakimbia mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 16.64, na katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alitumia dakika 2 na sekunde 11.87. Mtazamaji aliyezoea medali hawezi kuona lolote katika sekunde hizo chache, ila kwa mwanariadha anayejilinganisha na jana yake ndiyo miaka mitano ya kazi.

Kinachosikitisha ni kwamba siku hizi watu wa nchi hii wanapimwa mno, ilhali wanajipima kwa nadra. Tangu serikali ya Kenya ilipoingiza mikataba ya utendaji kazi mwaka 2004, watumishi wa umma wamezoea kujaza malengo kwa ajili ya mkubwa atakayeyasoma. Miradi ya misaada nayo huja na viashiria vyake, yaani alama zilizochaguliwa ili kuonyesha mabadiliko, na mara nyingi viashiria hivyo vimetungwa mbali na anayepimwa. Mradi ufungwapo, daftari hufungwa pia, kwa kuwa halikuwa la mwenye safari.

Lopiar, njaa kuu ya miaka ya 1979 hadi 1981, iliwavua wengi mifugo yao, na misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia mwishoni mwa 2020 imewavua wengine. Wazee waliopoteza wanyama wanaishi sasa pembezoni mwa Lodwar na Kakuma, na jicho walilolinoa maisha yao yote halina kundi la kulipitia. Wajukuu wao wanazijua alama, madaraja na asilimia wanazopewa na mwalimu au na ofisi, lakini katika siku yao haikutengwa saa hata moja ya kujiuliza, bila kuulizwa na mtu, kama leo wamesogea.