Macho Hayana Pazia: Fani na Maudhui katika Picha za West Nile

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuliza maswali mawili juu ya kila kazi wanayoichambua: msanii anasema nini, na anakisema kwa namna gani? Swali la kwanza ni la maudhui. La pili ni la fani. Makala haya yanashikilia kwamba maswali hayo hayo yafaa kuulizwa juu ya picha. Picha, iwe ya kuchorwa kwa brashi au ya kupigwa kwa kamera, ni kazi ya akili na mikono ya binadamu. Yuko aliyechagua pa kusimama, akaamua nani awekwe katikati na nani akatwe ukingoni, kisha akachagua nukta ya kubonyeza. Kuiita picha ushahidi mtupu, kana kwamba ilijipiga yenyewe, ni sawa na kuuita utenzi taarifa ya habari.

Ili mjadala usielee hewani, tutatazama mafungu mawili ya picha yanayohusu nchi moja, yaani Arua, Koboko na sehemu zinazopakana nazo katika West Nile ya Uganda. Fungu la kwanza ni picha za serikali za wakati wa Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ulikuwa wa Wakakwa wa Koboko, na ambaye alitawala kuanzia Januari 25, 1971 hadi Aprili 11, 1979. Fungu la pili ni picha za wakimbizi wa Sudan Kusini zilizopigwa Bidi Bidi kuanzia mwaka 2017. Kambi ya Bidi Bidi imo katika wilaya ya Yumbe, jirani ya Koboko, ambayo hadi mwaka 2000 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua. Mafungu haya yametengana kwa takriban miaka arobaini, lakini yote mawili yanatumia mbinu moja kuu: kumweka mtu mbele ya kitu fulani, na kukiacha kitu hicho kimseme.

Tuanze na fungu la kwanza. Mwaka 2015, katika kabati la Shirika la Utangazaji la Uganda mjini Kampala, zilipatikana negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari. Zilikuwa ndani ya bahasha, na juu ya bahasha yameandikwa tarehe na jambo lililopigwa. Nyingi kati yake hazikuwa zimepata kuchapishwa. Tangu mwaka 2018 zilianza kuhifadhiwa kwa kompyuta kwa ushirikiano wa Shirika hilo, Chuo Kikuu cha Makerere na vyuo vikuu vya Michigan na Western Australia. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, katika maonyesho yaliyoandaliwa na Derek Peterson, Richard Vokes, Nelson Abiti na Edgar Taylor. Na mwaka 2021 Peterson na Vokes wakazitolea kitabu.

Anayezitazama picha hizo kwa jicho la mhakiki atatambua upesi mbinu zinazojirudia. Kwanza, mhusika mkuu ni mmoja, na watu wengine wote wamegeuzwa kuwa mandhari. Umati wa wakulima, askari, wanawake wa ngoma na watoto wa shule hukaa nyuma yake au chini yake, kama mistari ya mapambo kwenye ukingo wa kanga. Pili, anapohutubia jukwaani, kamera mara nyingi huwa chini ikimtazama juu, na mkono wake unaoinuliwa hukata anga. Tatu, na hili ndilo la kuangaliwa zaidi, mpiga picha hupenda kinyume: jambo lililozoeleka hupinduliwa mbele ya macho ya watazamaji ili wacheke au washangae.

Mfano maarufu wa kinyume ni tukio la Julai 1975, wakati wa mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Amin ameketi kwenye kiti, na kiti kimebebwa na Wazungu mabegani, huku mwingine nyuma akimshikia mwavuli. Msomaji wa pwani haitaji kufafanuliwa. Anaijua machila, ambayo wageni wa zamani walibebwa ndani yake na wapagazi. Tena anajua kwamba katika miji ya Waswahili mwavuli, pamoja na siwa, ulikuwa alama ya ufalme. Picha imezikusanya alama hizo mbili na kuzipindua. Ndiyo sababu ilizunguka ulimwengu mzima, na ndiyo sababu wengi waliokuwa wamechoshwa na dharau za ukoloni waliifurahia. Furaha hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo, mhakiki hana budi kwenda hatua moja mbele na kuuliza kama kinyume hicho kilibomoa kitu. Hakikubomoa. Aliyebebwa amebadilika, kubebwa hakukubadilika. Kiti kimebaki juu, na mabega ya watu yamebaki chini yake.

Maudhui ya fungu hili, basi, ni utukufu wa mtawala, na dhamira yake ni kuwaonyesha wananchi kwamba serikali inatenda. Yaliyokuwa kinyume na dhamira hiyo yaliachwa nje ya fremu. Februari 1977 waliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kabla yao na baada yao waliuawa wengine wengi sana. Wapiga picha wa Wizara hawakutumwa kwenye vyumba vya mateso. Waandaaji wa maonyesho walilitambua tatizo hili: atazamaye negativu hizo tu ataona miaka ya sherehe. Katika uhakiki wa fasihi tunafundisha kwamba ukimya wa mwandishi nao ni usemi. Vivyo hivyo ukingo wa picha ni uamuzi.

Hapa ndipo suala hili linapowagusa watu wa Arua na Koboko kwa namna ambayo haiwagusi wengine. Uso mmoja uliopigwa mara elfu uligeuka kuwa uso wa mkoa mzima. Baada ya Amin kuanguka, mtu wa West Nile hakuulizwa alifanya nini. Alitazamwa lafudhi, kabila na chanjo za usoni, akahesabiwa kuwa mmoja wao. Mwishoni mwa mwaka 1980, baada ya mashambulizi ya askari wa zamani wa Amin, jeshi jipya la serikali liliwalipizia raia kisasi, na sehemu kubwa ya wakazi wa mkoa ikakimbilia Sudan na Zaire. Juni 24, 1981 waliuawa watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Picha za mambo hayo hazikupata kuenea duniani kama ile ya kiti. Matokeo yake ni kwamba mtu wa mbali anapolisikia jina la Koboko humwona mtu mmoja mwenye nishani kifuani, wala hamwoni mama aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni. Kosa la kuifanya sehemu isimame badala ya kitu kizima ni dogo katika sentensi. Katika maisha ya watu limegharimu damu.

Kabla ya kufika kwenye fungu la pili, yafaa tukumbuke mapokeo mengine ya picha ambayo wasomaji wetu wengi wanayajua. Katika studio za pwani, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, mtu alikwenda kwa hiari yake, akavaa nguo aliyoipenda, akasimama mbele ya pazia. Huko Lamu, Omar Said Bakor aliunganisha picha mbalimbali hata sura ya mtu ikatokea mahali ambapo haiwezi kuwapo katika maisha ya kawaida. Pazia la studio halimdanganyi mtu. Kila anayeitazama picha anajua kwamba ni pazia. Kazi yake ni kumwondoa mtu katika shughuli za siku na kumpa nafasi ya kuonekana jinsi anavyotaka kukumbukwa. Umati wa picha za serikali haukuwa na nafasi hiyo.

Sasa tuitazame Bidi Bidi. Kambi hiyo ilifunguliwa Agosti 2016, na katika miezi michache ilipokea zaidi ya watu 250,000 waliokimbia vita vya Sudan Kusini. Mwaka 2017 Nora Lorek, mpiga picha kutoka Sweden, aliwapiga wakimbizi picha wakiwa mbele ya milaya zao, na picha hizo zikatolewa katika jarida la National Geographic. Milaya ni neno la Kiarabu lenye maana ya shuka. Mwalimu awatahadharishe wanafunzi wasilichanganye na neno la Kiswahili linalokaribiana nalo kwa sauti tu. Wanawake wa Sudan Kusini huzitarizi kwa nyuzi za rangi, wakaweka maua na ndege juu ya kitambaa, na kuzifuma pindo zake kwa mkono. Ni kazi ya majuma na miezi. Hupamba nyumba na hutolewa katika ndoa; na wakati wa kukimbia baadhi ya familia zilifungia vitu vyao ndani yake.

Kifani, picha hizi ni sahili. Shuka limetundikwa, mtu amesimama au ameketi mbele yake, anaitazama kamera. Lakini usahili huo umefanya kazi kubwa. Picha za wakimbizi tulizozizoea hurudia mambo matatu: foleni ndefu, hema na mkono ulionyoshwa. Katika picha hizo pia umati ni mandhari, ingawa hapa hakuna mtawala aliyesimama mbele yake. Milaya imelifuta hema kwa muda, ikamrudishia mtu nyumba yake. Na kwa kuwa mandhari hiyo imetoka katika mikono ya watu wenyewe, anayepigwa picha ameshiriki kuitunga. Hapo ndipo fani na maudhui vinapokutana.

Sifa hizo zisitufumbe macho. Milaya ni kazi ya sanaa kamili kabla kamera haijafika. Ikiwa tutamtaja mpiga picha peke yake kuwa msanii, na kuliita shuka pambo la nyuma, tutakuwa tumeirudia kwa upole ile desturi ya kuwageuza wengine mandhari. Mtarizi naye ana mtindo, ana uchaguzi wa rangi, ana mapokeo aliyorithi na mabadiliko anayoyaleta. Astahili kuhakikiwa kama tunavyomhakiki mchoraji wa Tingatinga au mchongaji wa Kimakonde.

Liko pia fumbo la historia lisilofaa kupitwa. Nchi iliyowapokea wakimbizi hao ndiyo ile ambayo watu wake, mwaka 1980, walipokewa ng'ambo ya mipaka hiyo hiyo. Picha za Bidi Bidi hazilisemi jambo hili, kwa kuwa mwenyeji hayumo ndani yake. Lakini mwalimu akiyaweka mafungu yote mawili mezani, wanafunzi watauona uzi unaoyaunganisha.

Kwa kazi ya darasani, jaribio hili latosha. Ichukuliwe picha moja ya mkutano wa hadhara wa miaka ya 1970. Mwanafunzi aufunike mwili wa mtawala kwa kiganja, kisha aandike aya moja kwa Kiswahili juu ya waliobaki: nani anacheka, nani ameangalia pembeni, nani ameshika mtoto, nani amechoka kusimama juani. Halafu achukue picha ya milaya, amfunike mtu, aandike juu ya shuka. Zoezi hilo litampa msamiati wa rangi, umbo, mwanga na mkao. Na zaidi ya msamiati, litamzoeza kutokuikubali fremu aliyowekewa na mwingine.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli kwamba jicho haliwezi kuzuiwa kuona, bali laweza kuelekezwa, na wenye nguvu wamejua hivyo tangu zamani. Negativu za Kampala ziliwekwa ili mtu mmoja aonekane. Leo zinaweza kutufaa kwa jambo ambalo hawakulikusudia waliozilipia, kwani ukingoni mwake wamo watu wa Uganda ambao hakuna aliyewauliza kama walitaka kuwa mandhari. Walimu wa Kiswahili, lugha iliyosemwa Arua na Koboko sokoni na kambini kabla haijatangazwa lugha ya taifa ya Uganda mwaka 1973, wanao uwezo wa kuwapa watu hao sentensi.