Saa za Nahodha, Saa za Jenerali: Tanga 1914

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, ilitokea Tanga peke yake. Mbali na macho ya mji zilisubiri meli zilizopakia askari wapatao 8,000 kutoka India. Nahodha wa Fox, Caulfeild, hakupiga mzinga. Aliwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamekwisha, akawataka wausalimishe, akauliza pia kama bandarini mmetegwa mabomu.

Wengi wanaosimulia vita hivi humlaumu Caulfeild kwa kumwamsha adui. Kosa lilikuwepo, lakini kulielewa ni lazima tujue nahodha anaongoza nini. Jenerali akivunjiwa kikosi kimoja hubaki na vingine, na waliokimbia leo hukusanywa kesho. Manowari ikigonga bomu moja, dakika chache baadaye hakuna chombo, hakuna mizinga, na mabaharia wako majini, nahodha akiwa miongoni mwao. Tena tarehe 20 Septemba mwaka uleule, manowari Königsberg ya Wajerumani ilikuwa imeizamisha manowari Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, ilipokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Mtu aliyeyasikia hayo hawezi kuingia bandari ya adui kama anayeingia kwake. Caulfeild akaagiza mabomu yatafutwe kwanza. Hayakuwemo.

Tahadhari hiyo iliyokusudiwa kuiokoa meli ndiyo iliyoliua jeshi. Kwa Jenerali Aitken, aliyeongoza askari wale, kila saa iliyopita ilikuwa inambeba adui. Asubuhi ile Tanga ilikuwa karibu tupu; jeshi kubwa la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilikuwa upande wa Moshi, kiasi cha kilomita 350 kwa Reli ya Usambara. Habari zikafika, treni zikaanza kushuka. Waingereza wa kwanza waliteremka Ras Kasone usiku, nje ya bandari, na kulipokucha tarehe 3 shambulio lao likarudishwa nyuma. Alfajiri ya tarehe 4 Lettow mwenyewe alikuwa mjini, akiukagua kwa baiskeli. Alikuwa na watu kama 1,000 tu, lakini walishajipanga.

Hapo sasa Aitken akafanya kosa lake mwenyewe, nami naliona kubwa kuliko la Caulfeild. Aliwapanga watu wake safu pana, akawaambia waende mbele, kana kwamba mbele yao ni bahari tupu. Baharini amiri hupanga meli zake na kuziona zote. Ishara ikipanda mlingotini husomwa, na moshi wa adui huonekana maili nyingi. Tanga palikuwa na vichaka, minazi na mashamba ya mpira. Baada ya hatua chache kikosi hakikukiona kikosi jirani. Askari waliokuwa wamekaa melini tangu katikati ya Oktoba walichoka kwa joto, nyuki waliotibuliwa wakawavamia, safu ikakatika vipande. Fox nayo haikuweza kusaidia sana: mpiga mzinga asiyewaona wenzake wako wapi hana pa kulenga.

Jioni ile likatokea jambo ambalo kwangu ndilo fundisho kubwa la Tanga. Mlio wa tarumbeta ulieleweka vibaya, Wajerumani wakarudi kambini kwao nje ya mji. Tanga ikabaki tupu kwa mara ya pili, na jenerali mwenye watu mara nane ya adui hakujua. Tarehe 5 akaamuru askari warudi melini, wakaacha nyuma bombomu, mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni. Lettow alizitumia.

Na Königsberg, ile iliyoizamisha Pegasus, wakati huo ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Nahodha wake, Looff, hakukosa ujasiri. Alikosa makaa ya mawe na njia ya kutokea. Meli haigawanyiki ikapenya porini usiku. Tarehe 11 Julai 1915 Severn na Mersey, manowari zinazoelea kwenye maji machache, ziliimaliza. Ndipo mizinga yake kumi ikaopolewa, ikaburutwa nchi kavu, na mabaharia wakawa askari wa Lettow, ambaye hakuweka silaha chini hadi tarehe 25 Novemba 1918, huko ambako leo ni Mbala, Zambia.

Lettow husifiwa kwa miaka hiyo minne, na kwa ufundi wa vita anastahili. Lakini jeshi nalo lina makaa yake. Ya kwake, kama ya Waingereza waliomfukuza, yalikuwa vichwa na mabega ya wapagazi wa Kiafrika, ambao makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliopiga kambi hapo.