"Kukinga Maji" au "Kuzuia Mvujo"? Tahakiki ya Istilahi za Paa la Zege

Kazi ya kufanya paa la zege, roshani au baraza ya juu isivuje hupewa majina matatu: "kukinga maji", "kuzuia maji" na kulifanya zege "lisilopenya maji". Hatuna budi kuyapima moja moja, maana fundi hufuata neno aliloandikiwa.

La kwanza halifai. Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, kama kwingineko mkoani Pwani, kukinga maji ni kutega ndoo au pipa chini ya bati wakati wa masika. Fundi aliyeagizwa "paa la kukinga maji" ana haki ya kuweka mifereji na tangi. Na mwenye nyumba akivujiwa, lawama ni ya mtunga istilahi.

La tatu lina kasoro ya sarufi. Kinachopenya ni maji, zege hupenywa. Usemi sahihi ni "lisilopenywa na maji" au, kwa wepesi, "lisilopitisha maji".

La pili halina kosa, ila ni pana mno. Ukuta wa bwawa nao huzuia maji. Bali maji yanayozuiwa juu ya paa hutuama, na yakituama hutafuta ufa. Paa bapa huhitaji kwanza mteremko, walau sentimita 1.25 kwa kila mita, ndipo tabaka lifuate. Tabaka nalo si la namna moja: karatasi ya lami hutandikwa, nayo huvumilia kiasi zege linapotanuka kwa jua, mchanganyiko wa saruji hupakwa, nao hupasuka zege likipasuka, ufa huzibwa. Anayeandika "zuia maji" tu hajachagua njia, amemwachia fundi akisie.

Lugha yetu si maskini katika jambo hili. "Sakafu" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa, na katika nyumba za mawe za pwani lilitaja pia paa bapa la chokaa lililopigwa juu ya boriti.

Kwa maoni yetu, jina la jumla liwe "kuzuia mvujo", na chini yake yatajwe matendo yenyewe: kutandika, kupaka, kuziba. Tunawaomba mafundi wa Kibaha na Kisarawe watuletee maneno ya kazini mwao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.