Ukingo Haununuliwi: Jinsi ya Kuipima Hina ya Ncha za Vidole

Mwanamke wa Mji wa Kale wa Mombasa akitaka kuisifu hina ya mwenzake, jambo la kwanza kulitaja ni rangi: imekoza, imeshika, imeiva. Sifa hiyo ni tamu, ila mara nyingi humwendea asiyestahili. Kukoza kwa hina ni kazi ya majani, ya ngozi na ya saa. Fundi ana fungu dogo tu humo. Kilicho chake hasa ni ukingo, yaani pale rangi inapokoma na ngozi tupu inapoanza. Anayetaka kujua ni fundi yupi wa Kibokoni au Kuze anayestahili ujira wake, na aanze kutazama hapo, tena kwenye ncha za vidole zilizojazwa hina tupu, ambako hakuna ua wala jani la kuziba kasoro.

Kwanza tuitoe rangi kwenye mizani. Majani ya mhina yana kitu kiitwacho losoni, ambacho hushikana na keratini, protini iliyojenga kucha na ngozi ya juu. Hina ikikaa saa 6 hadi 8 kisha ikabanduliwa, huacha rangi ya chungwa, nayo huendelea kukoza kwa siku 1 au 2 kwa kukutana na hewa. Viganja na ncha za vidole vina ngozi nene, kwa hiyo hukoza mno. Mgongo wa mkono hubaki hafifu hata hina ikiwa ni ya bakuli moja na muda ni ule ule. Bibi harusi anayemlaumu fundi kwa tofauti hiyo anayalaumu maumbile. Ukucha nao una hesabu yake. Hina ya ngozi huondoka kwa wiki 1 hadi 3, ngozi inapojivua, lakini ya ukucha haiondoki: husukumwa mbele kama milimita 3 kwa mwezi, hadi ikatwe. Kosa la fundi kwenye ngozi husahaulika upesi. Kwenye ukucha mtaishi nalo miezi.

Ukingo, kinyume cha rangi, hubeba habari za kazi nzima tangu unga ulipokuwa mkavu. Unga usiochekechwa vizuri huacha vijiti na chembe, na kila chembe hukatiza mstari. Hina iliyokorogwa nyepesi huingia kwenye mikunjo midogo ya ngozi, na mstari huota manyoya. Ikiwa nzito kupita kiasi, hukauka na kubanduka pembeni kabla ya kati, na ukingo huwa mwekundu uliofifia ukizunguka kati iliyokoza. Hii ndiyo sababu fundi mzuri hutia sukari na ndimu, na hurudia kuilowesha hina inapoanza kukauka: sukari huishikiza, nayo majimaji hulinda pembe zisiachane na ngozi. Mikono iliyopakwa mafuta kabla ya kazi nayo hujitaja yenyewe, kwa mabaka meupe kandokando ya mstari. Hakuna hata moja kati ya haya linaloonekana kwenye kati ya rangi. Yote huandikwa pembeni.

Basi namna ya kutazama ni hii. Subiri siku ya pili, kisha toka na mkono juani, kwa kuwa taa za usiku wa kupamba husamehe mengi. Vibane vidole vitano pamoja uone kama mistari inafuata urefu wa kila kidole, kila mmoja ukikata mahali pake kwenye pingili, au kama ilipigwa kwa kubahatisha. Halafu zungusha kidole. Mbele, kila fundi hujitahidi. Ubavuni, karibu na kidole cha jirani, ndiko mkono mchovu unakokatia kona. Mwisho tazama kidole gumba cha mkono wa pili, ambacho kwa kawaida huwa miongoni mwa vilivyofanywa mwisho. Kikilingana na cha kwanza, fundi huyo ana subira.

Kipimo hiki hakiishii kwenye hina. Saluni za kisiwani leo hupaka pia ncha nyeupe za mtindo uitwao wa Kifaransa, ingawa aliyepewa sifa ya kuubuni ni Mmarekani, Jeff Pink wa kampuni ya Orly, katika miaka ya 1970. Nyeupe haikozi wala haififii, hivyo mteja hana rangi ya kusifu; hubaki na mstari peke yake. Mstari mzuri hujipinda kuufuata mzizi wa ukucha, huzama sawasawa pande zote mbili, na hauna tuta ukiupapasa, kwa kuwa tabaka 2 nyembamba hushinda moja nene. Walakini hina ina nafasi ambayo rangi ya kucha haiwezi kuichukua mjini humu: haizuii maji kufika kwenye ukucha, na anayetawadha mara tano kwa siku hana haja ya kuifuta.

Watakuja wenye kusema kwamba mteja analipia weusi, na fundi humpa mteja anachotaka. Hoja hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Weusi unaoshika kwa saa moja hautoki kwenye mhina. Mara nyingi hutoka kwenye dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo yaweza kuunguza ngozi, kuleta malengelenge na kuacha mzio wa maisha. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye dawa za nywele tu, tena isizidi asilimia 2. Piko, yaani hina nyeusi, ya namna hiyo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengine watasema kuwa siku hizi mstari hunyooshwa kwa plasta, basi ukingo nao umekuwa rahisi. Plasta husaidia, sikatai, lakini kidole ni mviringo, hina hupenya chini yake, na ncha kumi zote lazima zilinganishwe kwa jicho. Wa tatu watatetea mtetemo mdogo wa mkono wa binadamu, na hao wana haki: mstari unaonenepa na kukonda kwa mwendo mmoja una uhai. Uliokatika una uzembe, na jicho lililozoea halivichanganyi.

Kwa hiyo usimpigie fundi vigelegele usiku ule ule. Ngoja kesho yake, toka uani, geuza kidole gumba juani, kisha umsifu au umwache.