Kutoka Kinjeketile hadi Mangi Meli: Mchango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Tamthilia ya Kihistoria na Pengo la Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki mchango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika tamthilia ya kihistoria ya Kiswahili kwa kuutazama kutoka Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako Wajerumani walimnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900. Hoja inayojengwa ni kwamba chuo hicho kiliipa tamthilia yetu njia bora ya kuisaili historia, lakini usomaji uliozoeleka baadaye umeipunguza njia hiyo ikawa utafutaji wa mashujaa wa umoja. Historia ya Kilimanjaro haiingii kwa urahisi katika kigezo hicho. Kwa sababu hiyo inafaa kukipima.

2.0 Chuo, Utafiti na Jukwaa

Chuo kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Katikati ya miaka hiyo lilitangazwa Azimio la Arusha la 1967, na ufundishaji wa sanaa za maonyesho ukaanza kushika mizizi.

Jambo lisilosisitizwa vya kutosha ni ujirani wa jukwaa na utafiti wa historia. Mwaka 1968 G. C. K. Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za Vita vya Majimaji, na wanafunzi wa chuo walikusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita hivyo. Mwaka 1969 ikachapishwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile. Mwanahistoria na mtunzi walikuwa wakishughulikia jambo moja, katika mazingira mamoja na kwa wakati mmoja, ingawa kila mmoja alikuwa na swali lake.

3.0 Kinjeketile: Umoja Wenye Shaka

Kwa kawaida Kinjeketile husomwa kama wito wa umoja. Usomaji huo una msingi, kwani makabila yaliyotengana yanajikusanya dhidi ya Wajerumani. Hata hivyo, mgogoro wenye uzito zaidi umo ndani ya mhusika mkuu mwenyewe. Kinjeketile anatamka neno, watu wanalishika, kisha neno halimtii tena aliyelitamka. Anapotaka wapiganaji wangoje, wao wamekwisha kuamini kwamba maji yatawakinga na risasi. Mwishoni Kitunda anamsihi aseme kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa kukana kungeua pia tumaini la vizazi vitakavyofuata. Hadhira inaachiwa swali gumu: imani inayowaunganisha watu ina thamani gani mbele ya maiti zao?

Katika utangulizi wake, Hussein anamtenga Kinjeketile wa tamthilia na yule wa historia. Utengano huo ndio kiini cha mchango wa Mlimani: historia iliyotafitiwa kwa makini haitukuzwi tu, bali inahojiwa. Mhakiki anayeishia kwenye umoja ameacha nusu ya kazi.

4.0 Meli na Mipaka ya Kigezo

Tukipanda sasa Kilimanjaro, tunakutana na historia ya namna nyingine. Mangi Rindi wa Moshi, baba yake Meli, aliwekeana mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Mwanawe aliwashinda mwaka 1892 katika mapigano yaliyomuua kamanda wao, von Bülow, kisha akashindwa mwaka 1893. Wakati huohuo Mangi Marealle wa Marangu aliimarika kwa kuwa upande wa Wajerumani. Meli aliponyongwa kwa tuhuma za njama, walinyongwa pamoja naye Mangi Ngalami wa Siha, Mangi Molelia wa Kibosho na wengine. Masimulizi mengi yanamhusisha Marealle na tuhuma hizo.

Hapa hakuna neno moja linalowakusanya watu. Kuna baba aliyempokea mgeni, mwana aliyempiga, na jirani aliyenufaika. Kwa kigezo cha umoja, mkasa huu ni aibu ya kufichwa. Kwa njia ya Hussein, ni tanzia iliyokwisha kukomaa. Linganisha na Mkwawa: fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, na mwaka 1979 M. M. Mulokozi alichapisha Mukwava wa Uhehe. Kichwa cha Meli, kinachosemekana kupelekwa Ujerumani, hakijapatikana. Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha mafuvu matatu na familia zilizo hai Tanzania, likiwamo la Akida, mshauri wa Meli.

5.0 Hitimisho

Mabaki hayo yanaporudi, hotuba hazitakosekana, na jukwaa litaombwa kumvika Meli taji. Ombi hilo lipokelewe kwa tahadhari. Wajukuu wa Rindi, wa Marealle na wa Molelia wanaishi kwenye miteremko ileile, na mchezo unaomsafisha mmoja kwa kumchafua mwingine unaweza kuchokonoa donda ambalo wenyewe hawajaamua kulifungua.

Mlimani ilikwisha kuonyesha njia ya pili. Katika mradi wa Malya, Kwimba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walianza kwa kuwasikiliza wanakijiji, wakajenga maonyesho pamoja nao kwa ngoma zao, kisha mjadala ukafuata. Utafiti wa 1968, shaka ya Kinjeketile na usikivu wa Malya vikiunganishwa, Old Moshi inaweza kupata tamthilia isiyomwomba Meli awe Kinjeketile. Mchango wa chuo utapimwa pia kwa swali hili: je, njia hiyo inaweza kuubeba ukweli wa watu walioshindwa huku wakiwa hawajaungana?